Mgonjwa wa Akili Naye Hufiwa

(Mazungumzo ya wiki yaliyosomwa redioni, yanachapishwa hapa kwa faida ya wasomaji)



Katika kazi hii yetu ya redio, jambo moja ambalo wasikilizaji wa Unguja na Pemba hawakubali liwapite ni matangazo ya vifo. Taarifa ya habari mtu anaweza kuizungumzia juu yake, lakini likianza tangazo la kifo, hata barazani penye kahawa na ubishi wa mpira watu hunyamaza. Mtindo wake sote tunaujua. Hutajwa jina la marehemu na mtaa wake, kisha hufuata jamaa zake mmoja baada ya mmoja: marehemu ni mama wa fulani wa Shangani, wa fulani aliyeko Chake Chake, wa fulani aliyeko Maskati, na ni shangazi wa fulani wa Makunduchi. Mwisho hutajwa saa ya maziko na msikiti atakaosaliwa.

Miaka kadhaa iliyopita nilikabidhiwa tangazo la namna hiyo la jirani yetu mmoja wa Mji Mkongwe, bibi ambaye jina lake leo sitalitaja. Watoto waliotajwa ni watano. Mimi nimekulia mtaa ule, na nilijua kwamba watoto wake ni sita. Yule wa sita, mwanamme wa miaka arubaini na kitu, alikuwa na maradhi ya akili tangu ujana wake, na ndiye pekee kati ya wote sita aliyekuwa akiishi na mama yake chini ya dari moja. Tangazo nililisoma kama lilivyoandikwa.

Alasiri ile, kabla ya jeneza kutoka, wanaume tulikaa barazani tukapeana shauri. Ikaonekana kuwa kijana (maana mgonjwa wa akili kwetu huitwa kijana hata akiota mvi) apelekwe shamba kwa jamaa, asije akafanya fujo mbele ya watu. Mimi nilikuwapo, na sikupinga. Akaambiwa anakwenda kusaidia kuangua nazi. Aliporudi siku ya nne tanga limekwisha ondolewa, majamvi yamekunjwa, na kitanda cha mama kimetolewa. Akauliza: "Mama yuko wapi?" Akajibiwa kuwa amesafiri, amekwenda Dar es Salaam kutibiwa. Tangu siku ile kila alasiri alikuwa akenda bandarini Malindi kungojea boti. Abiria wa mwisho akishuka, hurudi nyumbani, na kesho akenda tena.

Haikuchukua miezi miwili. Dawa hakuna aliyempa, kwa sababu aliyekuwa akimpa ni marehemu. Usingizi ukamkimbia, akawa anazungumza peke yake usiku kucha, na siku moja akamshika mpagazi wa bandarini akidai kuwa ndiye aliyemficha mama yake. Akapelekwa hospitali amefungwa kamba. Mtaani tukasema: "Maradhi yake yamemrudia." Hatukusema: "Amefiwa."

Wapenzi wasikilizaji, leo nataka tulizungumze jambo hilo. Mtu mwenye maradhi makali ya akili anapoondokewa na mtu wake wa karibu, humpata nini? Na sisi jamaa na majirani tunapaswa kufanya nini?

MARADHI YENYEWE

Kwanza tuelewane. Ninaposema maradhi makali ya akili, sizungumzii mawazo ya kawaida ya kukosa pesa au kuachwa na mchumba. Nakusudia maradhi yanayovuruga fikra, hisia na mwenendo wa mtu kwa muda mrefu. Kuna skizofrenia, ambapo mtu husikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au huamini mambo ambayo hakuna wa kumtoa humo. Kuna yale ya hisia kupanda na kushuka, ambayo madaktari huyaita baipola: leo mtu halali, anasema bila ya kituo na anagawa mali yake njiani, na baada ya miezi hawezi hata kunyanyuka kitandani. Na kuna huzuni kali inayomtoa mtu katika kula, katika kazi na katika hamu ya kuishi.

Haya si maradhi ya watu wachache wa mbali. Shirika la Afya Duniani liliwahi kukisia kuwa skizofrenia peke yake ina wagonjwa wapatao milioni 24 duniani, yaani kiasi cha mtu mmoja katika kila watu 300. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773 hapa Zanzibar. Tukikichukua kipimo hicho cha dunia na kukigawa juu ya hesabu yetu, tunapata watu zaidi ya 6,000 wenye maradhi hayo peke yake, bila ya kuhesabu mengine. Kwa hivyo msikilizaji, kama hayumo nyumbani mwako, yumo nyumba ya pili au ya tatu.

Tunayo hospitali ya wagonjwa wa akili Kidongo Chekundu, ambayo kila mtu wa Unguja anaijua, ingawa wengi huitaja kwa mzaha. Katika miaka ya 2010 huduma hizi zilipelekwa pia nje ya mji, katika hospitali za Makunduchi na Kivunge. Lakini ukweli wa mambo ni kwamba mgonjwa haishi hospitali. Hospitali huenda siku moja katika mwezi, au hulazwa wiki chache. Siku zake zilizobaki yumo nyumbani. Na nyumbani, mara nyingi, kuna mtu mmoja tu anayemwangalia: mama, dada, bibi au mke.

Huyo mmoja ndiye anayejua vidonge vipi ni vya asubuhi na vipi ni vya usiku. Ndiye anayeijua tarehe ya sindano ya mwezi. Ndiye anayetambua kwa kumtazama macho tu kwamba mambo yanataka kuharibika. Ndiye anayemsemea kwa sheha, kwa muuza duka na kwa watoto wanaomtupia mawe. Sasa huyo akifa, mgonjwa hakupotelewa na mama peke yake. Amepotelewa na mama, muuguzi, duka la dawa, wakili na mpishi, wote katika jeneza moja. Na kama marehemu alikuwa mzee wa miaka 70 au zaidi, ule mchango wa pensheni jamii ulioanza mwaka 2016, ambao pengine ndio uliokuwa ukinunua mkate wa wawili wale, nao umekwenda naye.

JE, MGONJWA HUHUZUNIKA?

Wako wanaosema: "Huyo hajui kitu. Hata ukimwambia, haimwingii." Maneno haya nimeyasikia kwa watu wazima na wenye elimu zao, na mimi mwenyewe siku ile barazani nilikuwa karibu kuyaamini.

Si kweli. Skizofrenia ina tabia ya kuukausha uso. Mtu huwa hachangamki wala halii, na sauti yake haipandi wala haishuki. Baadhi ya dawa nazo huufanya uso ukakae na mwili uwe mzito. Kwa hivyo mgonjwa anaweza kuambiwa kuwa baba yake amekufa, akasema "haya", akaendelea kunywa chai yake. Wewe ukadhani hakuhisi. Kumbe ndani kumewaka moto, ila hakuna moshi unaotoka.

Wengine huhuzunika kwa kuchelewa. Siku ya maziko yu kimya, na baada ya arubaini, wakati kila mtu amekwisha rudi katika shughuli zake, ndipo huzuni inapomfika. Wengine hucheka mahali pa kulia, na watu wakamkasirikia. Kicheko kile si dharau. Ni waya zilizogongana, kama mtu anavyoweza kutetemeka kwa joto.

Mwaka 2004 ulichapishwa Marekani utafiti juu ya kufiwa miongoni mwa watu wenye maradhi makali ya akili. Uligundua kuwa wagonjwa hawa huhuzunika kwa mambo yale yale yanayowahuzunisha watu wote. Waliobaki na machungu ya muda mrefu ni hasa wale waliokuwa wakiishi na marehemu, wale ambao hawakutayarishwa, na wale ambao msiba uliwakuta pamoja na matatizo mengine, kama kuhamishwa nyumba. Sasa tazama, msikilizaji, tulivyomfanyia yule jirani yetu. Aliishi na marehemu. Hakutayarishwa. Na siku ile ile ya msiba tulimhamisha. Mambo yote matatu tuliyakusanya kwa mikono yetu, na kwa nia njema.

KWA NINI MSIBA HUMWELEMEA ZAIDI

Watu wa fani hii wanaeleza kwamba kila binadamu ana kiasi chake cha kustahamili. Mfano wake ni vyombo vya baharini. Jahazi na ngalawa hupigwa na wimbi moja. Jahazi likalowa ubavu tu, ngalawa ikajaa maji. Mgonjwa wa akili ni ngalawa. Wimbi la msiba ni lile lile, lakini yeye kingo zake ziko karibu na maji.

Zaidi ya hapo kuna mambo mengine manne, na yote yanaweza kuangaliwa.

La kwanza ni usingizi. Nyumba ya msiba hailali. Watu huingia na kutoka, taa zinawaka, visomo vinaendelea, masufuria yanagongana uani mpaka alfajiri. Kwa mimi na wewe hayo ni uchovu wa siku tatu. Kwa mtu mwenye baipola, kukosa usingizi siku mbili tatu kunaweza kumpandisha juu moja kwa moja. Madaktari wameona tangu zamani watu wanaopata wazimu wa furaha na pirika wakati wa msiba, wakaimba na kutoa amri pale ambapo wengine wanalia. Utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 2014 ulionesha kwamba kuondokewa ghafla na mtu umpendaye kunaweza hata kuyaanzisha maradhi ya namna hiyo kwa watu waliopindukia miaka 30 ambao kabla yake hawakuwa nayo.

La pili ni dawa. Katika pirika za maziko hakuna anayekumbuka vidonge. Na hatari yake ni kwamba dawa hizi zikiachwa, maradhi hayarudi siku ya pili. Huweza kukaa wiki kadhaa, hata miezi, na hasa kama mtu alikuwa akichomwa sindano, kwani athari yake hubaki mwilini. Kwa hivyo jamaa husema: "Mbona ameacha dawa na yu mzima?" Anapokuja kuharibikiwa, kila mtu amekwisha sahau kuwa dawa zilikatika siku ya msiba.

La tatu ni kujilaumu. Sote tunapofiwa hujiuliza: lau ningempeleka hospitali mapema, lau nisingemjibu vile. Mgonjwa naye hujiuliza hayo, lakini kwake swali huweza kugeuka kuwa hukumu. Huweza kuamini kuwa fikra zake ndizo zilizomuua mama, au kwamba sauti anazozisikia zilimtangulia kumwambia naye hakuzuia. Na hapo ndipo jamaa mmoja mwenye hasira anaposema: "Wewe ndiye uliyemuua mama yako kwa mashaka yako." Neno hilo mtu mzima wa akili hulitemea mate. Mgonjwa hulala nalo.

La nne ni minong'ono ya uchawi. Hatufichani, katika misiba yetu mingi haikosi kauli kuwa marehemu hakufa bure, kuna mkono wa mtu. Mwenye akili timamu husikia akapuuza, au akaamini kimya kimya. Lakini mgonjwa ambaye tayari anadhani watu wanamwandama, ukimpa maneno hayo umempa kuni. Atamtafuta huyo mtu mwenye mkono. Mpagazi wa Malindi hakuwa na kosa lolote.

SAUTI YA MAREHEMU

Liko suala ambalo huwatisha sana jamaa. Mgonjwa anasema: "Usiku mama alikuja akaniita." Nyumba nzima hushtuka, na wengine hutaka arudishwe hospitali pale pale.

Tusifanye haraka. Mwaka 1971 daktari mmoja wa Wales, Dewi Rees, alichapisha matokeo ya mazungumzo yake na wajane 293, wake kwa waume, watu wazima wa akili zao. Karibu nusu yao walimwambia kuwa baada ya kufiwa wamewahi kumhisi, kumwona au kumsikia marehemu. Wengi wao hawakuwa wamemwambia mtu yeyote, na wengi walipata faraja kwa jambo hilo. Hapa kwetu nani asiyejua bibi aliyesikia hatua za marehemu mumewe akipanda ngazi? Hatukumwita mwendawazimu. Tulisema amemkumbuka.

Kwa hivyo mgonjwa akisema amemsikia mama yake, la kwanza ni kumwuliza kwa upole: "Alikwambia nini?" Kama alimwita jina lake tu, au alimwambia ale, hiyo ni huzuni inayopita njia yake. Lakini kama sauti inamwamrisha amfuate marehemu, au amdhuru mtu, au kama haimpi nafasi ya kulala na kula, hapo hakuna kungoja asubuhi. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

KUFICHWA SI KUPONYWA

Sasa nafika penye kosa letu kubwa, nalo ni kumficha.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba. Mamia ya watu walikufa. Sisi tuliokuwa kazini siku zile tuliona viwanja vya Maisara vilivyojaa watu wakitafuta nyuso za jamaa zao. Waliompata maiti wao walilia, wakazika, wakakaa tanga. Lakini walikuwapo wasiopata mwili wala nguo, na hao ndio waliobaki miaka wakishtuka kila simu inapolia. Ilipozama Skagit karibu na Chumbe tarehe 18 Julai 2012, visiwa vyetu vikarudia somo lile lile. Mtu anayepoteza jamaa bila ya kumzika hubaki bandarini.

Somo hilo tulilipata kwa machungu, na kila mtu analikubali. Basi vipi tunamnyima mgonjwa wa akili kitu ambacho sisi wazima tumeona kuwa hatuwezi kuishi bila yake? Tunamwambia mama amesafiri. Kwa mtu mwenye fikra zilizotulia, msafiri hupiga simu au huandika. Mama huyu haandiki wala hapigi. Kwa hivyo mgonjwa ana majibu mawili tu: ama mama amemtupa, ama kuna watu wamemficha. Na yote mawili ni mabaya kuliko mauti, maana mauti ni amri ya Mwenyezi Mungu, na kutupwa ni khiyari ya mtu.

Juu ya yote, mgonjwa atajua tu. Mtoto wa jirani atamwambia. Siku hiyo huzuni itamfika pamoja na uwongo wetu, na tangu siku hiyo tukimpa kidonge tukamwambia "hiki ni dawa", kwa nini atuamini?

FAMILIA ZETU ZINAWEZA

Nisije nikaonekana nawalaumu watu wangu tu. Iko sifa yetu ambayo wageni wameiona kabla yetu. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Juli McGruder, alikaa hapa Unguja katika miaka ya 1990 akiwafuatilia kwa karibu wagonjwa wa skizofrenia na jamaa zao. Kazi yake ya Chuo Kikuu cha Washington, aliyoimaliza mwaka 1999, inahusu familia tatu za Zanzibar. Alikuta nyumba ambazo mgonjwa hakuandamwa kwa maneno wala kusukumwa apone haraka. Siku akiwa mzima hushukuriwa Mungu, na siku akiwa vibaya huachiwa nafasi yake, bila ya kutolewa katika hesabu ya watu wa nyumba.

Kwa nini hilo ni muhimu? Kwa sababu tangu miaka ya 1950 na 1960 huko London, George Brown na wenzake walionesha kuwa mgonjwa anayerudi katika nyumba ya lawama, ukali na kuingiliwa kila dakika huharibikiwa tena mara nyingi zaidi kuliko anayerudi katika nyumba iliyotulia. Subira ya mama zetu, kumbe, ni tiba iliyothibitishwa.

Lakini tahadhari. Subira hiyo mara nyingi ilikuwa ya mtu mmoja. Akifa, mgonjwa huhamia kwa kaka mwenye nyumba ndogo, mke aliyechoka na watoto wanaokwenda skuli. Kaka si mtu mbaya, ila hajafundishwa. Ndiyo maana matayarisho yaanze marehemu akiwa hai.

LA KUFANYA

Basi nayasema haya kwa ufupi, na atakaye ayakate kutoka gazetini ayaweke.

Kabla ya msiba. Mama au mlezi amchague mtu wa pili sasa hivi, ende naye kliniki, amwoneshe kadi ya hospitali, dawa na tarehe. Mgonjwa amzoee mtu huyo akiwa mzima. Kama mlezi ni mgonjwa na hali yake inaonekana, mgonjwa wa akili aambiwe kidogo kidogo: "Mama anaumwa sana, na huenda asipone."

Siku ya msiba. Aambiwe mapema kama wenziwe, na mtu anayemwamini, mahali pa utulivu, kwa neno lililo wazi: "Mama amekufa." Tusiseme amelala, amesafiri, ametutoka. Aulizwe kama anataka kumtazama na kumsindikiza. Akitaka, awekwe mtu mmoja tu wa kuwa ubavuni mwake mwanzo hadi mwisho, na wakubaliane kuwa akichoka wataondoka. Asiyetaka asilazimishwe. Ikiwa kuna hofu ya kweli ya fujo, apelekwe makaburini siku nyengine, lakini apelekwe.

Siku za tanga. Mtu mmoja akabidhiwe dawa zake tangu saa ya kwanza. Atafutiwe chumba cha kulala kwa jirani, mbali na zogo, na arudi mchana akae na watu. Apewe kazi, kama kutandika majamvi, kugawa maji au kupokea viatu, maana mwenye kazi msibani ni mwenye msiba. Kliniki ipewe habari, na daktari ndiye atakayeamua kama dawa ibadilishwe. Mjane mwenye maradhi haya anayekaa eda ya miezi minne na siku kumi asikose matibabu yake kwa hofu ya kutoka nje. Wanazuoni wanaruhusu kutoka kwa dharura kama hiyo, na mwenye shaka amwulize kadhi.

Baada ya arubaini. Hapo ndipo penye hatari, kwa sababu watu wameondoka. Tazameni kama halali usiku mfululizo, hali, anakataa dawa, anajifungia, anajilaumu kwa kifo, au anasema anataka kumfuata marehemu. La mwisho hili lisichukuliwe kuwa ni maneno tu. Vile vile ifahamike kuwa huzuni yenyewe haina ratiba. Katika orodha mpya ya maradhi ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika Januari 2022, huzuni huhesabiwa kuwa maradhi pale inapomlemaza mtu kwa muda usiopungua miezi sita na kupita ada ya jamii yake. Kabla ya hapo, tuwe na subira.

Mwisho ni mirathi. Maradhi ya akili hayampunguzii mtu fungu lake hata kidogo. Sheria ya Kiislamu inampa kamili, na fungu hilo husimamiwa na mlinzi kwa maslahi yake. Mahakama ya Kadhi ipo, na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ipo. Nyumba isiuzwe juu ya kichwa chake kwa kisingizio kuwa hajui kuhesabu. Wako wanaozurura Darajani leo ambao maradhi yao hayakuwafukuza nyumbani. Waliwafukuza ndugu, siku ya kugawana.

Yule jirani yangu mliyemsikia mwanzo, aliyemwambia ukweli ni muuguzi. Alikaa naye kitako siku aliyokuwa ametulia, akamwambia kuwa mama yake amekufa, na akamtajia siku. Hakupiga kelele. Aliuliza: "Amezikwa wapi?" Dada yake mdogo akamchukua Mwanakwerekwe, akamwonesha kaburi, wakasoma Fatiha pamoja. Alilia pale, kwa sauti, kama mtu yeyote. Hakupona maradhi yake, na sitaki kukudanganyeni. Lakini bandarini hakwenda tena, na dada ndiye anayempa dawa hadi leo.

Mimi nimebaki na deni langu la lile tangazo. Silwezi kulisoma upya. Ila siku hizi mtu akiniletea tangazo la kifo, kabla sijalipeleka studio humwuliza swali moja: "Watoto ni hawa tu?" Wengi hujibu ndiyo. Lakini imewahi kutokea zaidi ya mara moja mtu akanyamaza, akaichukua karatasi, akaomba kalamu.

Kwa leo naishia hapo. Assalaam aleikum.